Mkono wa Mtu

Masomo ya juma hili: Mambo ya Walawi 13:1–8; Ayubu 2:7–13



Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka jana, wengi wenu mliniona nimeegemea nguzo ya mlango wa kanisa wakati kwaya ikiimba, macho nimefumba, mabega yanacheza kidogo. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba alibarikiwa kumwona mchungaji wake amezama namna ile katika maombi. Leo natubu mbele yenu: nilikuwa najikuna. Nguzo ile ina ukingo mkali upande wa kushoto, na ukijipimia sawasawa unafika katikati ya mgongo, pale ambapo mkono wa kulia haufiki na wa kushoto haufiki. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Mimi nilikuwa nawashwa nisipojipata.

Muwasho wenyewe ulikuja na kusi, katikati ya mwezi wa sita. Ulianzia kiunoni, ukapanda makwapani, ukashuka katikati ya vidole. Mchana ulivumilika, maana mchana kuna mazishi, kuna vikao, kuna watoto wa Jumapili. Usiku ndio ulikuwa usiku. Taa ikishazimwa na mwili ukapata joto chini ya shuka, ungedhani nimelalia njia ya siafu. Saa nane naamka, natoka barazani, nasimama kwenye upepo wa bahari mpaka ngozi ipoe. Hapa kwetu Kilindoni, kisiwani Mafia, saa nane ya usiku hakuna sauti ila makuti ya minazi na, mara moja moja, mashine ya boti ya wavuvi. Nikawa na nafasi kubwa ya kuwaza, na mtu anayewashwa asijue sababu huwaza jambo moja tu: hiki ni nini?

Nikafungua kesi. Mshitakiwa wa kwanza alikuwa kisima chetu, maana maji yake yana chumvi kidogo. Tukaanza kununua maji ya kuoga, jambo la kifahari kwa mshahara wangu. Kisima kikaachiwa huru baada ya wiki. Mshitakiwa wa pili alikuwa pweza. Nikaacha pweza, na mnaonijua mnajua hiyo ni sadaka ya namna gani. Akafuata sabuni ya mche, ikafuata shuka mpya kutoka mnadani, zikafuata korosho.

Hapo kwenye korosho sikuwa mjinga kabisa. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali yanayounguza ngozi, na kila mtoto wa Mafia aliyewahi kubangua korosho mbichi kwa meno anazo habari zake mdomoni. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wa embe changa huwafanyia watu wengine vivyo hivyo: kuwashwa, malengelenge, ngozi kubanduka. Ukitaka kisiwa cha kukuwasha, karibu kwetu. Ukienda shamba, upupu umetambaa juu ya uzio, na vinyweleo vya maganda yake havikusamehi hata ukivipitia kwa mbali kwenye upepo. Ukienda baharini, konyeza anaelea bila kelele. Kina mama wa mwani, wanaoinama ndani ya maji siku za bamvua kufunga kamba kwenye vigingi, hurudi jioni na mikono na mapaja yaliyochachamaa kwa chumvi, jua na vidudu vya maji. Ndiyo maana mtu wa pwani akisema anawashwa, aliye karibu hamuulizi sana. Kila mmoja ana jibu lake mfukoni.

Wazee nao wana jibu lao, nalo nalipenda kwa sababu linafundisha. Mnakumbuka klorokwini? Kabla nchi hii haijaiacha kama dawa ya malaria mwaka 2001, kulikuwa na watu ambao wakimeza vidonge vile, ndani ya saa chache mwili mzima unawaka kama wanachomwa sindano, viganja na nyayo hasa. Ngozi haionyeshi kitu: hakuna kipele wala wekundu. Mtu anaruka ruka kitandani na wewe uliyekaa pembeni huoni sababu. Waafrika wengi walipata hali hiyo, na haikuwa deko. Wapo waliochagua kukaa na homa kuliko kumeza. Mzee mmoja wa Baleni aliniambia: “Malaria inaniua polepole, ile dawa inaniua leo leo.” Basi naweka akiba hapo, kwamba kuwashwa kusikoonekana bado ni kuwashwa.

Nikaenda duka la dawa. Kijana akanipa krimu, na siku nne nililala kama mtoto mchanga. Siku ya tano muwasho ukarudi na jamaa zake. Baadaye nilielezwa kwamba krimu nyingi za namna ile zina dawa ya kuituliza ngozi isilalamike, na mlalamikaji akinyamazishwa kesi haijaisha. Ushahidi tu ndio umefutwa. Vipele vyangu vilififia hata aliyekuja kuvitazama asione cha kutazama.

Ndipo jirani yangu alipokuja. Ni mzee wa msikiti, tunapokezana magazeti, na watoto wetu wanakula sahani moja. Akakaa kwenye mkeka, akakohoa kidogo kama afanyavyo akiwa na neno zito, akasema: “Mchungaji, wewe una kitabu chako na mimi nina changu. Lakini hili nakwambia kama mwanangu. Miezi miwili dawa hazishiki? Hapo kuna mkono wa mtu.”

Tusiyacheke maneno hayo. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Pat Caplan, alifika kaskazini mwa kisiwa hiki mwaka 1965, akarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata, na katika kazi zake ameandika jinsi watu wa huku wanavyohangaika na chanzo cha ugonjwa. Yapo maradhi ya Mungu, ambayo huja na kupita kama mvua. Yapo ya mashetani, yanayotaka ngoma na ubani. Na yapo yenye mkono wa mtu. Familia huanza hospitali, ikashindwa ikaenda kwa mganga, ikashindwa ikarudi hospitali, na katika safari hiyo kila kituo kinataka nauli. Watu hawa si wapumbavu. Wanachofanya ndicho nilichokuwa nikifanya mimi na kisima na pweza: mtu hawezi kulala na swali tupu. Tofauti ni kwamba kisima hakina watoto wanaoweza kutukanwa shuleni kwamba mama yao ni mchawi.

Na sisi wa kanisani tunao mkono wetu wa mtu. Tumeubadilisha jina tu. Mzee mmoja wa baraza alinijia kwa upole, akaniuliza kama nimejichunguza. Nikamuelewa. Nilimuelewa kwa sababu swali hilo nimewahi kuliuliza mimi mwenyewe, kwa mtu mwingine, na sitaki tafakari hii ipite bila kulisema.

Yupo mama katika usharika wetu, mkulima wa mwani, mtu mzima mwenye wajukuu. Mwaka juzi alikuja kwangu. Amewashwa tangu Pasaka, akasema, mwili mzima, na hasa mgongoni, na hakuna anayeona kitu. Nilimsikiliza kwa dakika kumi labda, kwa kuwa nilikuwa na kikao. Kisha nikamwambia: “Mama, jichunguze moyo wako. Pengine kuna jambo hujasamehe.” Nikamwombea, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Alisema asante Baba Mchungaji. Hakulirudia tena neno la kuwashwa mbele yangu, na mimi nikahesabu kwamba amepona.

Mke wangu ndiye aliyenichukua kwa mkono kunipeleka zahanati, na watoto akawabeba pia, kitu kilichonishangaza. Muuguzi alikuwa binti mdogo, rika la kifungua mimba wetu.

“Shikamoo Mchungaji.”

“Marahaba mwanangu.”

“Nyumbani nani mwingine anajikuna?”

“Hakuna,” nikasema.

Mama Mchungaji akanitazama. “Wote,” akasema. “Wote wanajikuna. Yeye tu ndiye anayejikuna kwa sauti.”

Katika kesi zangu zote, wapendwa, swali hilo sikuliuliza. Niliwashitaki kisima, pweza, sabuni na korosho. Mtoto wangu wa mwisho anajikuna tumboni usiku kucha chumba cha pili, nikasema ni mbu.

Binti akaomba mikono yangu, akaitanua vidole kwa tochi ya simu. Akatazama viganja, akatazama kifundo cha mkono, akarudi katikati ya vidole. Hakuwa na haraka. Akanionyesha mstari mfupi, mwembamba, uliopinda kama njia ya kaa kwenye mchanga. “Anapita hapa,” akasema.

Ulikuwa upele. Upele wa kawaida, ule wa methali na wa utani wa mashuleni. Kidudu cha jamii ya utitiri, ndugu wa mbali wa kupe na buibui, miguu minane, jike lake lina kama theluthi moja ya milimita. Jike huchimba kijia ndani ya ngozi ya juu, hutaga mayai mawili matatu kwa siku, na yule unayemwona anajikuna mpaka anatoka damu kwa kawaida amebeba vidudu kumi au kumi na tano tu mwilini mwake. Kinachowasha ni mwili wenyewe kukataa mgeni, mate yake na uchafu wake. Na hapa ndipo palipo na jambo lililonikalisha chini: mtu anayeupata kwa mara ya kwanza hawashwi siku hiyo. Mwili huchukua wiki nne mpaka sita kumtambua mgeni. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikitafuta sababu katika chakula cha jana na sabuni ya juzi, nilikuwa nachimba pasipo na kitu. Binti akaniuliza: mwanzoni mwa mwezi wa tano mlikuwa wapi, mlilala na nani?

Mwanzoni mwa mwezi wa tano tulikuwa msibani. Wageni walivuka maji kutoka Nyamisati, upande wa bara, wakalala kwetu usiku nne, watu wazima na watoto, mikeka mitatu na mashuka machache. Mtoto wetu wa mwisho alilala amekumbatiana na mtoto wa mfiwa, maana mtoto yule alikuwa hataki kulala peke yake.

Nimelifikiria hilo sana. Salamu ya mkono, ile ya dakika moja mlangoni, kwa kawaida haiambukizi upele. Basi wale mlioanza kunipungia kwa mbali baada ya ibada, mnaweza kurudi. Kidudu hiki kinataka ngozi ikae na ngozi kwa muda. Kinapita kwa mama anayenyonyesha, kwa wenye ndoa, kwa watoto wanaobebana, kwa wafiwa wanaolalia mkeka mmoja. Njia zake ni njia za upendo, sina namna nyingine ya kulisema. Kuna mahubiri mabaya yanayoweza kutoka hapo, ya kuogopa watu, nami siyatoi. Nikirudishwa mwezi wa tano nitatandika mikeka ile ile.

Kuna hadithi ya kweli ninayoipenda katika jambo hili. Mwaka 1687, mji wa Livorno huko Italia, daktari aitwaye Giovanni Cosimo Bonomo pamoja na mtaalamu wa dawa Diacinto Cestoni waliandika kwamba upele unaletwa na kidudu kinachoonekana kwa darubini. Wasomi wa wakati ule walishika mafundisho ya kale, kwamba upele ni damu chafu na majimaji mabaya ya mwili yanayotoka nje. Sasa, Bonomo alijuaje mahali pa kutazama? Aliona wanawake maskini wakiwatoa watoto wao vidudu kwa ncha ya sindano. Na wasomi hawakuamini kwa muda mrefu. Mwaka 1834 mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Corsica, Simon-François Renucci, ilimbidi asimame mbele ya madaktari wa Paris na kumtoa kidudu kwa sindano, kama alivyoona wanawake wa kwao wakifanya. Karibu miaka 150 katikati, vitabu vinasema hili na mama aliyekaa kizingitini na mwanawe mapajani anajua lile. Mtu wa kisiwani akisoma habari hiyo hucheka kidogo.

Tulipakwa wote siku moja, watu sita wa nyumba yangu: BBE, dawa ile nyeupe ya maji, kuanzia shingoni mpaka unyayoni, ikakaa mchana na usiku. Inachoma, hasa palipochubuka. Mashuka yakachemshwa na kuanikwa juani. Godoro likatoka nje. Mablanketi yakafungiwa kwenye mfuko, maana kidudu kikikosa mwili hakivuki siku mbili tatu. Mgongo wangu alipaka mke wangu, wa mke wangu nikapaka mimi. Baada ya siku chache tukarudia.

Na nikaendelea kuwashwa. Hilo nalo binti alinionya, lakini kuonywa ni kitu kimoja na saa nane ya usiku ni kitu kingine. Vidudu vikishakufa mwili huendelea kulalamika wiki mbili mpaka nne. Katika wiki hizo imani ya mtu hupungua. Wengi hujipaka tena na tena mpaka dawa yenyewe inaanza kuwawasha. Wengine husema hospitali wameshindwa, wanakwenda kwa mganga wiki ya tatu, wiki ya nne muwasho unakwisha, na kuku anakwenda kwa mganga. Mganga hana kosa. Amefika tu wakati mzuri.

Nilipokuwa nikingoja ndipo nilipokifungua kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ambayo nakiri siku zote nimeiruka. Nani anahubiri sura ya 13? Vipele, mabaka, malaika yaliyogeuka meupe. Lakini isomeni juma hili polepole, mkimtazama kuhani. Mtu analetwa kwake na ngozi yake. Kuhani haulizi ametenda dhambi gani. Anatazama. Asipokuwa na hakika, anangoja siku saba, anatazama tena. Bado hana hakika? Siku saba nyingine, anatazama mara ya tatu. Sheria inampa mtumishi wa Mungu ruhusa ya kusema sijui, tena mara mbili. Baadaye anatazama na mavazi, na katika sura ya 14 anatazama na nyumba. Na kabla hajaingia nyumbani anaagiza vyombo vitolewe kwanza nje, ili akiitangaza nyumba kuwa najisi, vile vyombo vya watu visihesabiwe pamoja nayo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka barazani, ingawa nilikuwa siwashwi. Kuhani anaokoa masufuria ya maskini kabla ya kutoa hukumu. Na mimi nilitumia dakika kumi.

Wale mnaokumbuka miaka ya 1990 mnajua hukumu ya ngozi ilivyokuwa mitaani. Mtu akitoka vipele vya kuwasha mikononi na miguuni, mtaa umeshamsomea: ni ule ugonjwa, na kikombe chake kinatengwa. Wapo waliokuwa nao, wapo waliokuwa na upele tu. Hata kwa wale waliokuwa na virusi vya UKIMWI, watafiti waliochunguza ngozi za wagonjwa nchini Uganda waliandika mwaka 2004 kwamba vipele vile mara nyingi ni mwili ulioumwa na mbu na wadudu wengine ukajibu kupita kiasi. Watu walitengwa, tena na ndugu zao, kwa vipele vya mbu.

Nilimwendea jirani yangu kumpa habari. Sikuficha kwamba nilikuja na kiburi kidogo. “Mzee, hapakuwa na mkono wa mtu. Ni upele.”

Akacheka mpaka kofia ikasogea. “Sasa upele umekujaje? Umetembea wenyewe kutoka Nyamisati? Si mikono ya watu hiyo?”

Kisha akanikumbusha jambo la kisiwa chetu ambalo vijana hawalijui. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia hapa Mafia, mwaka 2000, kabla ya wilaya nyingine za bara. Wagawa dawa walipita na fimbo ya kupimia urefu, kila mtu anasimama, anahesabiwa vidonge kwa kimo chake: ivamektini, pamoja na albendazoli ya minyoo. Palikuwa na minong'ono, kama inavyokuwa popote dawa inapogawiwa kwa mtu asiyejiona mgonjwa. Yeye alimeza kwa ajili ya mabusha, anasema, na mwaka ule nyumba yake iliacha kujikuna. Sikushangaa, kwa kuwa ivamektini huua na kidudu cha upele. Huko Zanzibar, ambako ugawaji ulianza mwaka 2001, waliopitia kumbukumbu za vituo vya afya waliona wagonjwa wa upele wamepungua sana baada ya raundi zile. Chanzo cha dawa hiyo ni udongo uliochotwa Japani, karibu na uwanja wa gofu, miaka ya 1970. Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Mzee akasikiliza, akasema: “Udongo. Na Ayubu naye alipiga mguu kwenye udongo.”

Kwa wasiojua, katika Kurani Nabii Ayubu anaambiwa apige ardhi kwa mguu wake, panatokea maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Sisi katika kitabu chetu tunamwona amekaa majivuni na kigae, anajikuna, tangu wayo wa mguu mpaka utosini. Rafiki zake watatu wanakuja, wanakaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna anayesema neno. Siku saba! Kuhani angewapongeza. Kosa lao lilianza siku ya nane, walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia sababu.

Na mimi, baada ya kusoma hayo yote na kuyaelewa vizuri, nilifanya nini? Nilikwenda mbio kwa yule mama wa mwani. Nilikuwa nimepata jibu langu, nikalibeba kama lilivyo mpaka mlangoni kwake. Mke wangu alikuja nami, na chupa ya BBE kwenye kikapu.

“Mama,” nikasema hata sijakaa, “nimekuja kukuomba radhi. Na habari njema: ule ni upele!”

Alitupa viti kwanza. Akatuletea madafu. Ndipo akasema, taratibu, kama mtu anayemsemesha mtoto asimwaibishe: “Baba, huo walishautazama. Mwaka juzi huo huo. Nimepakwa mara mbili, na wajukuu pia. Si upele.”

Akatueleza yale ambayo mara ya kwanza sikumpa nafasi ya kuyaeleza. Hana kipele hata kimoja isipokuwa alama za kucha zake. Amepimwa sukari, amepimwa na virusi, amepewa dawa ya minyoo. Sasa wanataka kutazama ini na figo na tezi ya shingo, maana kumbe viungo hivyo vikichoka huweza kulalamika kwa njia ya ngozi. Na vipimo vingine lazima avuke maji, Nyamisati, basi mpaka Mbagala, kisha kutafuta pa kulala Dar es Salaam. Daktari amemwambia kwa uwazi kwamba wapo watu ambao hutafutwa sababu isipatikane. Madaktari wa ngozi nchini ni wachache. Ndiyo maana mwaka 1992 kilifunguliwa kituo pale KCMC, Moshi, kufundisha matabibu wa kawaida waende wilayani wakijua kusoma ngozi. Kutoka hapa Moshi ni mbali. Anakusanya nauli kwa pesa ya mwani.

Sikuwa na la kusema. Nilikumbuka tu kwamba Ayubu mwenyewe hakuambiwa kamwe. Sisi wasomaji tunajua yaliyosemwa mbinguni katika sura mbili za kwanza, yeye hajui. Mungu anapomjibu mwishoni anamweleza habari za mbuni, farasi, bahari na milango yake, na juu ya ngozi hasemi neno. Nilikuwa nataka kumwambia mama hayo, nikaona bora ninywe dafu.

Tukakaa. Maji yalikuwa yanatoka, na kule mbali kina mama wengine walikuwa wanaingia kwenye mashamba yao ya mwani. Baada ya muda mrefu mke wangu akamuuliza: “Kwa sasa hivi, mama, ni wapi?”

“Pale nisipofika, mwanangu.”

Mke wangu akaomba mafuta ya nazi, akasogeza kigoda nyuma yake, akapandisha blauzi kidogo. Mimi nikageuza kiti kutazama bahari.

“Hapo?”

“Juu kidogo. Kushoto. Hapo. Hapo hapo.”